Sauti ya Daraja la Dhahabu

Kitufe kilikuwa pale pale, chini kabisa ya kioo cha simu, cha kijivu, kimenuna. Vitufe vingine vyote vya programu ile viligeuka rangi ya dhahabu siku ile ile walipolipia, kama walivyoahidiwa. Hiki kimoja, kilichoandikwa "Sauti Yako Mwenyewe", ndicho hasa walichokilipia, na ndicho kilichogoma. Ukikibonyeza kinakuandikia "Inakuja karibuni," halafu kinarudi kulala.

Msusi alikibonyeza tena kabla hajafungua saluni yake, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Alishajizoesha kukibonyeza kila asubuhi, kama mtu anavyochungulia dirishani kuona kama mvua imekatika. Mumewe alikuwa mezani na kikombe chake cha chai, anamwangalia. Aliusoma uso wa mkewe, akapata jibu lake, akaendelea kunywa.

Mume huyu watu walimwita Nyundo, kwa sababu ya nyundo ya mbao aliyokuwa akigongea meza pale kwenye yadi ya mnada. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mnadi. Alinadi mafriji, makabati, viti vya ofisi zilizofilisika, majiko yaliyokosa kifuniko, na sauti yake ilikuwa inaruka ukuta wa yadi inawafuata watu barabarani, wanaingia wenyewe na kutoka wamebeba vitu ambavyo hawakuwa na haja navyo. Kisha madaktari wakakuta uvimbe kooni. Waliutoa uvimbe pamoja na kisanduku cha sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, ambalo sasa alilifunika kwa kitambaa safi. Midomo yake ilicheza kama zamani, ulimi ulicheza, lakini hakikutoka kitu.

Na jambo lenyewe tuliseme mapema, maana ndilo lililokuwa linamla msusi moyoni. Nyundo alikuwa amekataa kupasuliwa. Alisema waziwazi, wakati bado anaweza kusema, kwamba mnadi bila sauti ni maiti inayotembea, na kama ni kufa basi afe mzima. Madaktari walimbembeleza, ndugu walimbembeleza, akakaa na msimamo wake. Aliyemgeuza ni mkewe, na alimgeuza kwa tangazo aliloliona kwenye simu: programu ya kuwasemea watu waliopoteza sauti, na kwa wateja wa Daraja la Dhahabu, zawadi ya ziada, sauti yako mwenyewe, inayotengenezwa kutokana na maneno uliyoyarekodi kabla. Msusi alimwahidi. Alimwambia, mume wangu, watakukata koo lakini sauti yako nitakuwa nayo mimi mkononi. Nyundo akakubali.

Wakamrekodi chumbani, amekaa kitandani, anasoma sentensi ambazo programu yenyewe ilimpa. Zilikuwa sentensi za ajabu ajabu, za hali ya hewa na mizigo ya wasafiri. Nyundo alikataa kuzisoma taratibu. Alizisoma kwa sauti ya kazini, kila sentensi akiinadi, mpaka jirani akaja kuuliza kama wanauza vyombo vya ndani. Walicheka sana siku hiyo. Msusi akauza draya yake ya saluni, ile ya kukalia chini yake, akalipia Dhahabu ya mwaka mzima.

*

Binti yao, aliyekuwa keshia kwenye duka la dawa, ndiye aliyepewa kazi ya kuwaandikia wenye programu. Aliwaandikia kila alipopata mapumziko. Kila mara alishukuriwa kwa kuwa sehemu ya familia ya Dhahabu. Aliambiwa timu inalifanyia kazi. Aliambiwa wiki ijayo. Akaambiwa afute programu aipakie upya, akafuta, akapakia, kitufe kikarudi na rangi yake ya kijivu. Mara ya mwisho walimwomba awape nyota, moja mpaka tano, kwa jinsi walivyomhudumia.

"Mama, hawa wanatupiga danadana," alisema jioni moja akivua viatu mlangoni.

Mama yake akamkonyeza anyamaze, baba yupo. Binti akashusha pumzi. Nyundo, aliyekuwa anakunja mashati kwenye kochi, akapiga meza kwa kiganja wamtazame, halafu akagusa masikio yake yote mawili. Yalikuwepo. Hilo nalo lilikuwa linamchosha kuliko hata tundu la shingoni: tangu apoteze sauti, watu walimfanya kiziwi. Wengine walimpigia kelele. Wengine walimsema akiwa amekaa hapo hapo.

Mwenye yadi alikuja akafanya vile vile. Alikuwa mtu mwema, hilo asinyimwe, na alikuwa amemhifadhia Nyundo nafasi yake muda wote wa ugonjwa. Lakini alikaa kwenye kiti cha saluni akaongea na msusi peke yake, huku Nyundo amesimama mbele yake na soda ya mgeni mkononi. Alisema, shemeji, mimi siyo jiwe. Mnadi wa muda niliyemweka hawezi, wanunuzi wanapungua, na kwenye ukoo wa mke wangu kuna kijana wananisukumia nimpe hiyo kazi moja kwa moja. Alimwomba shemeji amwambie Nyundo aje Jumamosi na hiyo simu yake wajaribu. Ikikataa, ipo Jumamosi nyingine. Ikikataa na hiyo, basi tena.

"Mwambie mwenyewe," msusi alimjibu. "Huyo hapo."

Mwenye yadi aligeuka, akamkuta Nyundo anamnyooshea soda, akaona haya mpaka akaipokea kwa mikono miwili.

*

Kwa kuwa sauti yake mwenyewe haikuwepo, Nyundo alilazimika kuchagua katika sauti zilizokuwepo. Kulikuwa na Mwanaume wa Kwanza na Mwanaume wa Pili. Wa Kwanza aliongea kama anayesoma risala. Wa Pili alikuwa na uchangamfu kidogo, wakamchukua huyo. Jumamosi binti akaiunganisha simu na spika ya yadi, akarudi kazini kwake. Msusi akabaki chini ya jukwaa katikati ya wanunuzi, mkoba kifuani, roho juu.

Nyundo alipanda na nyundo yake wakampigia makofi, makofi ya kweli, maana walimkosa. Akainama, akaandika kwenye simu, akabonyeza.

"Karibuni. Kwenye. Mnada. Wa leo," ilisema spika.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa," alijibu mtu wa nyuma, kwa mlio ule ule hasa, na yadi nzima ikaangua kicheko.

Kicheko chenyewe hakikuwa cha ubaya. Nyundo naye alitabasamu. Ubaya ulianza friji la kwanza lilipoletwa. Mnada hauna subira. Mtu akiinua mkono unamdaka hapo hapo, unamchochea mwenzake, unawagombanisha kwa heshima mpaka bei inapanda bila wenyewe kujua. Nyundo alipomaliza kuandika bei ya mtu wa kwanza, yule mtu alikwisha shusha mkono anaongea na simu yake. Alipoandika utani, utani ulitoka kwenye spika watu wameshahamia kwenye jambo lingine, wakabaki wanatazamana. Tarakimu nazo Mwanaume wa Pili alizisoma moja moja, sifuri baada ya sifuri. Friji zima, linalogandisha, likaenda kwa bei ya kiti cha plastiki. Likafuata kabati. Mwenye yadi alivumilia mpaka kabati la pili, kisha akapanda mwenyewe jukwaani, akaitoa nyundo mkononi mwa mwenyewe taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akampa mnadi wa muda.

Nyundo alishuka kwa ngazi za nyuma. Hakumngoja mkewe.

Msusi alimkuta nyumbani, amekaa pembeni ya kitanda na kofia bado kichwani. Alijaribu kumwambia kwamba wiki ni ndefu, kwamba kitufe huenda kikafunguka, kwamba yeye mwenyewe Jumatatu atakwenda ofisini kwao kuwatoa jasho. Aliongea mengi kwa mpigo, akijisikia mwenyewe anavyoongea kama wale wa huduma kwa wateja. Nyundo akamwacha amalize. Kisha akaongea, bila simu, kwa midomo tu, kama alivyokuwa akiongea naye nyumbani siku zote. Miezi yote hiyo msusi alikuwa ameishi akiangalia midomo ile, na ilimpita mara chache sana.

"Ungeniacha nife na sauti yangu," alisema.

Msusi alielewa kila neno. Akamwambia hakumsoma vizuri, arudie. Nyundo akamtazama kidogo, akajua kwamba amesomwa, akageukia ukuta. Msusi akaenda saluni, akamalizia kichwa cha mteja aliyekuwa anamsubiri, na mteja akamuuliza mbona leo anavuta nywele hivyo.

*

Ofisi ya wenye programu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la vioo, juu ya benki. Msusi alikusudia kwenda peke yake, lakini asubuhi ile Nyundo akavaa shati lake la mnada akasimama mlangoni, kwa hiyo wakaenda wawili. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu Jumamosi. Ukutani mwa ofisi palikuwa na picha kubwa ya mzee mwenye kitambaa shingoni, anacheka na wajukuu, na chini yake yale maneno ya tangazo yaliyomponza msusi. Watu walikuwa wamejaa kwenye viti, kila mmoja na simu yake na la kwake.

Zamu yao ilipofika, dada wa kaunta aliichukua simu, akabonyeza hapa na pale, akasema mfumo unaonyesha akaunti haina tatizo lolote. Dhahabu yao iko hai. Wanafaidi vipengele vyote vya Dhahabu vilivyopo.

"Na hiki?" msusi aliuliza.

Hicho, dada alieleza, ni bonasi. Bonasi hutolewa kwa awamu. Lugha nyingine tayari wanaitumia, lugha yenu bado iko kwenye majaribio. Msusi aliuliza majaribio yanaisha lini. Dada akasema karibuni. Akalisema kwa tabasamu lile lile lililokuwa ukutani.

Msusi akaishiwa. Alikuwa amepanga maneno makali njia nzima, na yote yakamtoka kichwani. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Sauti yake nyumbani ilikuwa ya kuita watoto na kuuliza mteja kama anasikia maumivu. Akahisi machozi yanakuja, akamgeukia mumewe waondoke zao.

Nyundo alikuwa amejisogeza akaegemea ncha ya kaunta, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Msusi akaiangalia. Bila kufikiri, kwa mazoea tu, akayatoa yale anayoyasoma.

"Anauliza," alisema, "wakati mnatuuzia, hiyo lugha yetu mlikuwa mnaijua au hamkuijua?"

Dada akasema walikuwa wanaijua, ndiyo maana tangazo liko kwa lugha hiyo.

"Anasema kwa hiyo ya kutuuzia mnayo, ya kutusemea hamna."

Mtu mmoja kwenye viti akacheka. Dada wa kaunta akasema mama, naomba uniangalie mimi tunapoongea.

"Nikikuangalia wewe simsikii yeye," alijibu msusi, na hilo lilikuwa la kwake mwenyewe.

Basi wakaendelea. Nyundo anapiga midomo, mkewe hamwondolei macho, na maneno yanatoka moto moto hata kabla hajamaliza. Msusi hakujua kwamba sauti yake imepanda. Watu walianza kuacha viti wakasogea. Dada akamwita meneja, kijana mnadhifu mwenye kitambulisho kifuani, naye akasikiliza kwa upole, akasema kampuni imeguswa sana na hali ya mzee, na kwa moyo wa kujali itawaongezea mwaka mwingine mzima wa Dhahabu bila malipo.

Nyundo alinyoosha kidole juu, namna anavyonyoosha anapotaka yadi inyamaze. Ofisi ikanyamaza.

"Anasema yeye kazi yake ni kuuza mafriji," alisema msusi. "Akikuuzia friji lisilogandisha, ukarudi kulalamika, akupe la pili lisilogandisha?"

Hapo watu walicheka mpaka mlinzi akachungulia. Mama mmoja mwenye miwani akasema na mimi nirudishieni yangu, nilinunua kwa ajili ya mwanangu, kitufe hakifunguki mwaka sasa. Mwingine akasema na mimi. Meneja akatazama kundi lile, akatazama saa yake, akamwambia dada kwa sauti ya chini arudishe, awarudishie hawa wote wa kitufe hicho. Ujumbe wa pesa ukaingia kwenye simu ya msusi wakiwa bado wamesimama pale. Pesa zilirudi. Sauti haikurudi.

Na hilo ndilo lililompiga msusi walipofika nje. Alikaa kwenye ngazi za benki, simu mkononi, na Dhahabu yote imeondoka, hakuna hata kitufe cha kijivu cha kutumainia. Alichomuahidi mumewe kimekwisha. Kando yake Nyundo aliinama, mabega yanamtikisika, na msusi akaona basi, amemliza mtu mzima barabarani. Akamshika mgongo. Nyundo akainua uso. Alikuwa anacheka. Kicheko chake siku hizi hakikuwa na mlio, kilikuwa pumzi tu inayotoka kwenye kitambaa, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka kwa kucheka, na alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi meneja alivyotazama saa.

Alipotulia, alimgeukia mkewe akasema kwa midomo, "Jumamosi. Wewe na mimi."

Msusi alisema hapana. Alisema yeye ni msusi, hajawahi hata kusoma tangazo kanisani... akakumbuka hata huko walimwomba akakataa. Alisema watamcheka, watamcheka na yeye Nyundo, mwanamume kusemewa na mkewe mbele ya wanaume wenzake. Nyundo alisikiliza, akanyanyua mabega. Mbele ya wanaume wenzake, alisema, nimekwisha semewa na Mwanaume wa Pili. Wewe utaniaibisha kwa lipi zaidi yake?

*

Jumamosi hiyo mwenye yadi aliwaona wanapanda wote wawili, akawapisha. Kijana wa ukoo wa mkewe alikuwa amesimama langoni, shati jipya, anasubiri.

Msusi alifanya kosa hapo hapo mwanzoni. Alidhani anayenadi lazima awatazame watu, kwa hiyo akawatazama. Aliona vichwa, kofia, macho, na hakusikia kitu. Nyundo aligonga meza. Akagonga tena. Mtu wa nyuma, yule yule wa namba haipatikani, akaanza kukohoa kohoa ile ya kutafuta neno.

Ndipo alipogeuka. Aliwapa watu mgongo, yadi nzima, akasimama uso kwa uso na mumewe.

"Friji hili," alianza, na sauti ikamkwaruza, akaanza upya. "Friji hili lilitoka kwa bwana harusi. Anasema ndoa ilipoa mara moja, friji linapoza mpaka leo, sasa jamani lipi bora?"

"Shemeji," alipaza mtu, "unatuuzia sisi au unamuuzia mumeo?"

Midomo ya Nyundo ilikwenda mara moja.

"Anasema mume wangu hana pesa, ndiyo maana nawauzia ninyi. Wewe mwenye shati la mistari umeinua mkono, tumekuona. Elfu sitini. Nani anamwacha huyu aondoke nalo?"

Ilikuwa ya kusuasua mwanzoni, tusitie chumvi. Bei moja aliisoma vibaya ikabidi Nyundo apige meza mara mbili wairudie, na kabati la nguo akaliita meza. Lakini mnadi wa muda alikuwa haoni alichokuwa anaona Nyundo. Nyundo alimjua muuza vyuma anayekuna sikio anapotaka kupandisha, na alimjua mama wa hoteli, ambaye kitu akikitamani hukipa kisogo akajifanya anaondoka. Mnadi wa muda alikuwa anamwacha aondoke. Nyundo alimnong'oneza mkewe jina la kila mmoja kwa midomo, na msusi akawaita, akawachokoza, akiwa bado amewapa mgongo, nao wakashangaa mtu asiyewatazama amewaonaje.

Bei zikaanza kupanda. Msusi alizisikia zinapanda kooni mwake mwenyewe. Kufikia majiko, hakuwa tena anasema "anasema". Alisema tu. Mara nyingine Nyundo alikawia na yeye akatia la kwake, na Nyundo akamtolea macho, wakabishana pale juu, mmoja kwa sauti na mmoja bila sauti, watu wakifurahia ubishi kuliko majiko. Waliokuwa barabarani wakaanza kuingia langoni kuona kuna nini. Mwenye yadi alimwendea kijana wa ukoo wa mkewe, akamwambia neno la kumwomba radhi, akamsindikiza mpaka nje.

Vitu vilipokaribia kwisha, Nyundo aliweka nyundo chini. Akamtazama mkewe, na midomo yake ikaenda polepole, bila kidole, bila utani. Msusi akaisoma.

"Anasemaje?" watu waliuliza.

"Anasema mjiandae, vitu vinakaribia kwisha," alisema msusi, na sauti ikamvunjikia njiani.

Nyundo akawageukia watu, akatikisa kichwa. Siyo hivyo. Akawaonyesha kwa mkono kwamba mama huyu anawadanganya. Yadi ikacheka, wakataka waambiwe. Muuza vyuma akasema shemeji, tumelipa kiingilio, tupe yote. Msusi alimwomba mumewe kwa macho amwachie. Nyundo akarudia maneno yale yale, neno kwa neno, akangoja.

Ikabidi ayatoe. Safari hii hakumpa mtu mgongo, aligeuka akawatazama, kwa kuwa maneno yenyewe alikwisha yasoma na hakuhitaji kuyasoma tena.

"Anasema anashukuru sikumwacha afe."

Mama wa hoteli alijifuta jicho kwa pembe ya kitambaa. Mwenye yadi aliangalia viatu vyake. Kisha mtu wa nyuma akajikohoza, akauliza kwa adabu kama ile meza ya mbao imeshauzwa au bado.

"Bado," alisema msusi, hata hakumgeukia mumewe. "Na usiitazame kwa jicho hilo, siyo ya bei yako."